Jedwali la wazaa: namba inapofaa kuliko jina

Wanaofuatilia nasaba huko Ulaya wana istilahi ya Kijerumani iliyozagaa hata miongoni mwa wasioijua lugha hiyo: Ahnentafel. Ni orodha ya watu waliomzaa mtu mmoja, ambaye hupewa namba 1. Baba yake ni 2, mama ni 3. Babu na bibi wazaa baba ni 4 na 5, wazaa mama ni 6 na 7. Kanuni ni fupi: zidisha namba ya mtu kwa mbili upate baba yake, kisha ongeza moja upate mama yake. Kwa hiyo kuanzia namba 2, kila shufwa ni mwanamume na kila witiri ni mwanamke.

Mpango huu ulichapishwa mjini Cologne mwaka 1590 na Michaël Eytzinger, Mwaustria. Mtawa wa Kihispania, Jerónimo de Sosa, aliutumia mwaka 1676, na mwaka 1898 Stephan Kekule von Stradonitz akaueneza kwa atlasi ya nasaba za watawala wa Ulaya. Wafaransa mpaka leo huiita namba hiyo kwa jina la Sosa.

Kwa Kiswahili tuiteje? Shajara na mti wa ukoo havifai, maana humo mna mashangazi, wajomba na binamu, ambao jedwali hili haliwataji. Silsila ni mnyororo mmoja, aghalabu wa kuumeni, ilhali hapa kuukeni kuna nafasi sawa. "Mababu" huwaacha mabibi, ambao ni nusu ya orodha. Wahenga tumezoea kuwasikia kwenye methali. Lakini tunaposema "bibi mzaa mama" neno tunalo tayari. Napendekeza jedwali la wazaa, na namba ya mzaa kwa kila aliyemo. Neno hilo pia linamtenga mzaa na mlezi, tofauti ambayo ukoo wowote unaijua.

Faida yake huonekana unapopanga makaratasi. Vitabu vingi vya Kizungu hushauri kila jalada liandikwe jina la ukoo. Familia nyingi za Pwani hazina jina la namna hiyo: mtu huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Tuseme Juma Ali alimzaa Ali Juma, naye akampa mwanawe wa kwanza jina la babu. Sasa wapo akina Juma Ali wawili, na cheti cha ndoa kilichoandikwa jina hilo kinaweza kuwekwa popote. Kikiandikwa 4, hakina utata: ni cha babu mzaa baba. Namba pia hurudisha njia. Ukikuta 22, gawa kwa mbili, ukiacha baki: 11, 5, 2, 1. Basi huyo ni baba wa mama wa bibi mzaa baba.

Kwenye kabati, kila wanandoa wawe na jalada moja, mfano 004-005, na hati za watoto wao wengine ziingie humo humo. Nyuma ya picha andika namba kwa penseli laini, pembeni, kwani wino wa kalamu huweza kupenya hadi upande wa pili. Kwenye kompyuta tumia namba zilezile, ukitanguliza sifuri, ili 10 isije ikapangwa kabla ya 2. Jina la faili lianze na namba, lifuate aina ya hati, kisha mwaka: 004_cheti-cha-ndoa_1958. Hati ikiwa na tarehe ya Hijria, andika hiyo pamoja na ya Miladi. Mwaka 1377 ulianza Julai 1957 ukaishia Julai 1958, hivyo mwezi ndio utakaoamua.

Ugumu upo penye ndoa za binamu, ambazo kwetu si haba. Mtu na mkewe wakiwa watoto wa ndugu wawili, babu yao mmoja atapata namba mbili katika jedwali la mtoto wao: 8 na 12, kwa mfano, ikiwa baba zao ndio ndugu. Weka hati zake kwenye namba ndogo, na kwenye kubwa acha karatasi inayoelekeza huko.

Kabla ya kuandika namba yoyote, kubalianeni nani awe 1. Ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kutumia jedwali moja, kwani kuanzia 2 wazaa wao ni walewale. Mwenye watoto ni bora ampe mtoto namba 1, ili upande wa mume na wa mke yote ipate mahali. Ukianza na wewe mwenyewe, siku utakapotaka kuingiza hati za wakwe itakubidi ubadilishe namba zote.