Seva Isiyotaka Kujua Nywila

Seva ya wavuti ya Apache ilipotoka mwaka 1995, vyuo vingi vyenye kompyuta za Unix tayari vilikuwa na nywila za wanafunzi na walimu wao. Tovuti zikaja zikitaka nywila nyingine, kwenye faili lake pekee. Kwa nini seva isisome orodha ileile ya zamani?

Kwa sababu ilikuwa imefichwa, na kwa sababu nzuri. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza jinsi nywila za Unix, ingawa zimefumbwa, zinavyoweza kubahatishwa na mtu mwenye subira, maana faili lenye nywila hizo lilisomwa na yeyote. Miaka ya 1980 zikahamishiwa kwenye faili ambalo root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, pekee hulifungua. Apache nayo huwahudumia wageni kwa jina la mtumiaji asiye na mamlaka, ili mdukuzi akiivunja asiimiliki mashine nzima. Kuna waliolegeza ruhusa za faili hilo ili mambo yaende. Huo ulikuwa uzembe.

Jibu la busara lilikuwa moduli ya mod_auth_external, iliyoanzishwa na Nathan Neulinger na kutunzwa baadaye na Jan Wolter wa Michigan. Seva haichunguzi chochote. Huiita programu nyingine, huikabidhi jina na nywila, kisha husubiri namba: sifuri ni ruksa, nyingine yoyote ni kukataliwa. Ni kama mlinzi wa geti asiyeshika funguo, anayeuliza ndani kabla ya kumruhusu mgeni.

Programu moja ya kuitwa hivyo, pwauth ya Wolter, ndiyo iliyopewa mamlaka ya root, na uzuri wake ni ufupi: msimbo unaosomeka wote katika kikao kimoja. Hukubali kuitwa na watumiaji wachache waliotajwa tu, na jibu likiwa hapana hujichelewesha, ili wabahatishaji wachoke. Nywila hupitishwa kwa bomba (pipe) kati ya programu hizo mbili. Zikiwekwa katika vigeu vya mazingira, kwenye baadhi ya mifumo amri ya ps, inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, ingezianika kwa majirani.

Udhaifu ulibaki kwa kivinjari. Utaratibu wa uthibitishaji uitwao Basic hutuma nywila upya kwa kila ombi, hivyo ukurasa wenye picha 20 ungeweza kuiita programu mara 21. Tena hutumwa kwa base64, ambayo si usimbaji wa siri hata kidogo. Ukiisakinisha moduli hii leo, anza na HTTPS.