Clayton wa Fort Smith: mwanasheria aliyepanda na kushuka na marais

Kila Ikulu ya Washington inapopata mpangaji mpya, Wamarekani huanza kubishana kuhusu wanasheria wa shirikisho, yaani waendesha mashtaka wa serikali kuu, wanaoondolewa ili kuwapisha wengine, na hawakosekani wanaoapa kwamba zamani cheo hicho kilikuwa cha taaluma tupu. Kumbukumbu za William Henry Harrison Clayton zinasema vingine. Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1840, akapigania Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akahamia Arkansas, alikokuwa mwendesha mashtaka wa mahakama ya mzunguko na baadaye jaji wake. Mwaka 1874 Rais Grant alimteua mwanasheria wa shirikisho wa Arkansas Magharibi. Kaka yake Powell, gavana wa zamani, alikuwa seneta wa Republican. Mwaka 1885 akaingia Rais Cleveland wa Democratic, Clayton akatoka. Rais Harrison wa Republican alipochukua nchi mwaka 1889, Clayton alirudishwa, na Cleveland aliporejea mwaka 1893 akaondolewa tena.

Watetezi wake watasema aliteuliwa kwa sababu alikuwa hodari. Hodari alikuwa, hilo halina ubishi. Fort Smith, alikofanyia kazi, ilikuwa na mahakama ya Jaji Isaac Parker, iliyosikiliza pia kesi za Eneo la Wahindi Wekundu, ambalo leo ni sehemu ya Oklahoma. Parker aliwahukumu kifo watu 160, wakanyongwa 79, na hadi mwaka 1889 hakukuwa na rufaa; kimbilio lilikuwa huruma ya rais tu. Dunia inamkumbuka Parker kama jaji wa kitanzi na kumsahau aliyesimama mbele yake kujenga kesi, jambo ambalo si haki kwa yeyote kati yao. Lakini kama uhodari ndio uliompa kazi, mbona haukumlinda mwaka 1885?

Siasa hiyo haikuishia kwenye barua za uteuzi. Katika uchaguzi wa Novemba 1888, ndugu yake John aligombea ubunge na kutangazwa kushindwa kwa kura 846 kati ya zaidi ya 34,000. Huko Plumerville, Arkansas, watu waliojifunika nyuso walikuwa wamepora sanduku la kura kwa mtutu wa bunduki, katika kituo chenye wapiga kura weusi wengi. John alikwenda kukusanya ushahidi, na usiku wa Januari 29, 1889 alipigwa risasi kupitia dirisha la nyumba aliyopanga. Mwaka 1890 Bunge liliamua kuwa marehemu ndiye aliyeshinda, na kiti kikatangazwa wazi. Ndugu walifuatilia, William akiwemo, lakini mwendesha mashtaka aliyewapeleka wengi kitanzini hakuona hata mtu mmoja akitiwa hatiani kwa damu ya John.

Rais McKinley alimpa William ujaji katika Eneo hilohilo la Wahindi mwaka 1897. Hadi leo rais ndiye anayeteua wanasheria wa shirikisho, 93 kwa idadi, Seneti ikiwathibitisha. Anayetaka kazi hiyo iwe huru na siasa aidai sheria mpya. Asiisingizie historia uhuru ambao haikuwahi kuwa nao.