Vielezi vya Masikitiko katika Kiingereza

Waalimu waandikao barua kwa Kiingereza hukutana na maneno mawili yafananayo kama mapacha: "regretfully" na "regrettably". Shina lao ni "regret", neno la asili ya Kifaransa. Wanormandi waliishinda Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi walisema Kifaransa. Ndiyo maana maneno mengi ya adabu na ya mambo ya moyoni yametoka huko. Mwisho wao, "-ly", ni Kiingereza cha kale, nao watokana na jina lenye maana ya mwili au umbo.

Tofauti i katikati. "-ful" ni kujaa: "regretfully" lasema kwamba mtu atenda jambo hali moyo wake umejaa masikitiko. "-able" ni kustahili: "regrettably" lasema kwamba jambo lenyewe ni la kusikitisha, hata kama mtendaji alifurahi. Mtu akiandika kwamba mvua "regretfully" iliangusha ukuta wa shule, kwa kanuni ya zamani amesema mvua ilijuta. Hilo lachekesha tu. Lakini ikiandikwa kwamba baraza "regretfully" lilimwondoa mwalimu kazini, wazee wanashuhudiwa kuwa walisikitika. Ikiandikwa "regrettably", wamehukumiwa kuwa walifanya vibaya. Herufi chache, na pole imekuwa lawama.

Katika Kiswahili twasema "kwa masikitiko" kwa neno la kwanza, na "yasikitisha kwamba" kwa la pili. Tena twatenga majuto ya aliyekosa na masikitiko, yawezayo kumpata asiye na kosa. "Regret" labeba yote mawili. Labda ndiyo sababu barua za maofisi hulipenda, kwa kuwa lasikitika bila kuungama.

Katika karne ya 20 wengi walianza kuweka "regretfully" mahali pa mwenziwe, kama walivyolitumia "hopefully" kwa maana ya "yatumainiwa kwamba". Hilo la pili lilizusha ugomvi mkubwa tangu miaka ya 1960, Marekani hasa, hata mwaka 2012 shirika la habari la Associated Press likalikubali katika mwongozo wake. "Regretfully" halistahili upole huo, nionavyo mimi: "hopefully" halina ndugu wa kulishikia zamu, bali hili linaye. Mwenye shaka na aandike "unfortunately", ambalo shina lake ni bahati, wala halisemi neno juu ya moyo wa mtu.