Nani Atafyeka Njia?

Mtu akitaka kusimulia historia ya usafiri katika wilaya za Korogwe na Handeni, mara nyingi huanza na reli. Ni kweli reli ina mengi ya kusimuliwa. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Baada ya reli husimuliwa barabara kuu ipitayo Segera, na baada yake lami ya kilomita 65 kutoka Korogwe hadi Handeni, ambayo wengi wa rika langu hatukutegemea kuiona. Lakini reli na lami havifiki mlangoni kwa mtu. Kutoka stesheni au kituo cha basi hadi shambani, kisimani, shuleni na zahanati, watu wamepita siku zote katika vijia vyembamba vya miguu, na baadaye vya baiskeli. Historia ya vijia hivyo haimo katika vitabu tulivyofundishia shuleni. Nami naona ni historia yenye swali moja kubwa: nani alivifyeka, na kwa nini alikubali kuvifyeka?

Tuanze na misafara. Katika karne ya 19 watu walipanda kutoka Pangani wakifuata mto hadi Korogwe na kuendelea bara; wengine walitoka Saadani, mji wa Bwana Heri, wakapita katikati ya Uzigua. Wazungu Burton na Speke walishika njia ya mto mwaka 1857 walipokwenda Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambaa. Njia hizo hazikuwa barabara. Zilikuwa vijia vya kupita mtu mmoja nyuma ya mwingine, vyenye kupindapinda. Mti ukianguka, msafara uliuzunguka, na baada ya miezi michache mzunguko ule ukawa ndio njia. Mpagazi mwenye mzigo kichwani hana mkono wa kushika panga. Waliozitunza njia ni wenyeji waliolima kandokando yake na kuuza chakula kwa wapitaji. Njia ikifungwa na kichaka, soko lao lilihama.

Kwa wenyeji wa Handeni kufyeka hakukuwa kwa ajili ya njia tu. Kichaka huleta mbung'o, na mbung'o huua ng'ombe. Maadamu watu walikuwa wengi na vijiji vina nguvu, moto, jembe na panga viliweza kukisukuma kichaka mbali. Kisha, katika miaka ya 1890, yakaja mapigo mfululizo: sotoka iliyomaliza mifugo, vita vya Wajerumani, na njaa kubwa iliyoanza mwaka 1898. Watu walikufa na wengine wakahama. Mashamba yaliyoachwa yakawa vichaka, mbung'o wakarudi, na sehemu kubwa ya Uzigua iliyokuwa na ng'ombe ikabaki bila ng'ombe. Naileta habari hii kwa sababu inatufunza kwamba katika nchi yetu njia wazi ni kazi isiyokwisha. Mvua mbili tu za masika zinatosha kuifuta.

Serikali za kikoloni zililijua hilo, zikatafuta dawa yake katika amri. Wakati wa Wajerumani maakida na majumbe walikusanya watu wa kutengeneza njia. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia ilijengwa reli ndogo kutoka Mombo kuelekea Handeni, ambayo toroli zake hazikuvutwa na mashine bali zilisukumwa na watu kwa mikono yao. Majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na Handeni mwezi Juni 1916, na baada ya vita reli ile haikudumu. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1926, waliwapa watawala wa wenyeji madaraka ya kuamuru watu kufanya kazi za aina hiyo. Na asiyekuwa na fedha ya kodi aliweza kuilipa kwa jasho, aghalabu barabarani.

Mwenye kulazimishwa hufyeka, ila hufyeka kwa kutazama mgongo wa msimamizi. Msimamizi akiondoka, na panga huwekwa chini. Jirani zetu wa Lushoto waliyaona hayo katika mpango wa kuhifadhi udongo ulioanza Mlalo mwaka 1946. Watu waliamriwa kulima matuta kwa vipimo vya bwana shamba, na waliokaidi walitozwa faini. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ule ulikuwa umeachwa. Hawakuwa watu wasiojua thamani ya udongo wao. Walichokataa ni jembe lenye mwenyewe mwingine.

Wakati huohuo kilikuwa kimeingia chombo kilichobadili mambo bila amri ya mtu, nacho ni baiskeli. Mashamba ya mkonge yalisaidia sana kuieneza. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kutoka pwani ukasambaa hadi kandokando ya reli: Mnyuzi, Magunga, Ngombezi, Mombo. Kijana aliyefanya kazi ya mkataba mara nyingi alirudi kwao na Raleigh, na kijijini akaitwa mtu mzima. Baadaye zilikuja Phoenix, na katika miaka ya ujamaa Swala zilizotengenezwa hapahapa Tanzania.

Baiskeli ina tabia ambayo miguu haina. Mtu atembeaye huinua mguu juu ya mzizi na kuendelea na mazungumzo yake. Mwenye baiskeli iliyofungwa gunia mbili za mkaa hawezi. Kisiki kikigonga pedeli, ameanguka yeye na mzigo. Mwiba mmoja wa mgunga humlaza njiani. Korongo la upana wa mkono hupinda rimu. Basi mwenye baiskeli alilazimika kuwa fundi wa njia. Hakuagizwa na jumbe wala akida. Aliagizwa na gurudumu lake.

Haya niliyaona kwa macho nilipokuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu katika miaka ya 1970 na 1980. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, wanachuo walitawanywa katika shule za vijijini, nasi wakufunzi tuliwafuata kwa baiskeli. Zilikuwa siku za mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotangazwa Musoma mwaka 1974. Shule zilichipuka hata pale ambapo gari halikuwahi kufika. Nilikuta katika vijiji kadhaa kwamba wenye baiskeli walikuwa na utaratibu wao. Waliokwenda mnadani au kupeleka machungwa na mkaa mjini walipanga siku, wakagawana vipande vya njia, mwenye panga akashika panga, mwenye sururu akashika sururu. Asiyetokea alileta muhogo wa kuchoma kwa waliofika, na asiyeleta chochote aliimbwa njia nzima. Hawakuwa na katiba, muhuri wala mweka hazina. Lakini kilikuwa chama, na kilidumu kuliko kamati nyingi nilizopata kuziandikia muhtasari.

Elimu yao haikuwa ndogo. Walijua kwamba adui wa njia ni maji kuliko magurudumu. Njia ikishuka mlima moja kwa moja, maji hugeuka mwenye njia, na katika masika moja unapata korongo. Kwa hiyo waliipitisha njia kiubavu na kuiinamisha kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke yasifuate. Penye mteremko walichimba kijifereji cha kukatiza njia kwa mshazari, na chini yake wakapanga mawe. Penye tope walitandika fito za kukatiza na kuzifunika kwa changarawe. Matawi waliyakata hadi usawa wa kichwa cha mtu aliyepanda baiskeli. Visiki hawakuvikata, bali walivichimbua, maana kisiki kilichokatwa vibaya ni mkuki.

Ni lazima pia kusema ukweli kuhusu wanawake. Baiskeli nyingi zilikuwa za wanaume, na wanaume ndio waliosifiwa kwa kufyeka. Lakini njia ya kisimani na ya kuni, ambayo baiskeli haikupita, ilitunzwa na wanawake na wasichana, tena bila siku maalumu na bila nyimbo. Katika miaka ya 1980 watafiti walipochunguza usafiri wa vijijini huko Makete, waliona kwamba safari nyingi za kaya zilifanywa kwa miguu, katika vijia, na kwamba mzigo mkubwa ulikuwa juu ya vichwa vya wanawake. Sisi tuliokaa Handeni wakati wa kiangazi hatukuhitaji utafiti kulijua hilo.

Tukumbuke kwamba Uhuru ulitukuta na moyo mkubwa wa kujitolea. Miaka ya mwanzo ya 1960 wananchi walijenga shule na barabara kwa nguvu zao, na huku kwetu neno msaragambo lilikuwa na heshima: mbiu ikilia, kila nyumba hutoa mtu. Lakini kidogokidogo msaragambo ukapata karani. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa. Kisha Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kutoka mashambani kwao hadi vijiji vya pamoja, vingi kandokando ya barabara. Vijia vya zamani vilivyounganisha koo na koo vikakosa wapitaji, na vijia vipya vya kwenda mashamba ya mbali vikawa havina wenyewe. Palipobaki kujitolea kwa jina, orodha iliitwa na faini ikatozwa. Vijana wakajifunza kwamba kujitolea ni kazi ambayo hulipwi kwayo na huruhusiwi kuikataa. Lile neno zuri likaanza kunukia shuruti ya zamani.

Mkonge nao ukaanguka. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kufikia mwaka 1990 mazao hayakufika hata sehemu ya tano ya kiasi hicho. Barabara za ndani ya mashamba makubwa, zilizokuwa zikifyekwa na vibarua, zikafunikwa na majani. Na ni akina nani walioziokoa zile zilizookoka? Ni wenye baiskeli, kwa kuwa zilikuwa njia fupi ya kwenda sokoni.

Nimesoma kwa mshangao kwamba huko ng'ambo watu wa mjini, wenye magari, huunda vyama vya kutunza vijia vya baiskeli milimani kwa ajili ya furaha tu. Uingereza kuna chama kinachoitwa Rough Stuff Fellowship, kilichoanzishwa mwaka 1955 na watu waliopenda kuendesha nje ya barabara. Huko California, Marekani, vijana walianza mashindano ya kuteremka mlima kwa baiskeli mwaka 1976; baiskeli za aina hiyo zikaenea, wenye kutembea kwa miguu wakalalamika, na njia nyingi zikafungwa kwao. Mwaka 1988 vyama vya huko vikaungana na kuunda umoja uitwao International Mountain Bicycling Association. Mojawapo ya mambo wanachama walioyashika ili waaminiwe tena ni kushika majembe na kuitengeneza njia waliyoiharibu. Wanachofundishana ni kilekile: inamisha njia kiubavu, yavushe maji, usiendeshe kwenye tope. Wao wanapanda baiskeli kwa mchezo na watu wetu kwa riziki, lakini kanuni imekuwa moja. Anayepita ndiye anayejua palipobomoka, na anayeruhusiwa kuamua ndiye anayerudi kesho kutengeneza.

Leo pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli nyingi. Hata jina bodaboda tulilirithi kutoka kwa baiskeli za abiria za mpakani mwa Kenya na Uganda. Pikipiki ina faida kubwa. Imewafikisha hospitali kina mama ambao zamani wangebebwa kwa machela. Lakini tairi lake huchimba, na wakati wa masika kijia kilichotosha baiskeli kwa miaka 20 hugeuka mfereji. Tangu mwaka 2017 tunayo TARURA, yenye dhamana ya barabara za wilaya, na ina kazi nyingi kuliko uwezo wake. Hakuna wakala wa kijia cha kwenda shuleni. Mwananchi akiulizwa kwa nini hakifyekwi, hujibu kwamba Serikali haijaleta fedha. Jibu hilo lingemshangaza mzee wa zamani wa Kizigua kuliko kitu kingine chochote cha zama hizi.

Simaanishi turudi kwenye viboko vya jumbe au faini za karani. Historia imekwisha kutuonyesha mwisho wake. Wala simaanishi maskini waendelee kufanya bure kazi ambayo kodi yao ingestahili kuifanya. Daraja na kalvati ni wajibu wa Serikali, na tudai. Nasema tu kwamba kati ya lami na mlango wa mtu kuna kipande ambacho hakuna Serikali duniani itakifyeka kila mwezi. Serikali ya kijiji inayo mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Badala ya kuandika faini, iandike haki: kwamba vijana wa bodaboda, wenye baiskeli na kina mama wanaopita njia fulani ndio wenye kauli juu yake, wapange siku yao, wachague kiongozi wao, na kijiji kiwape sururu na machepe. Walimu wawafundishe wanafunzi mfereji wa mshazari ni nini, maana hilo ni somo la jiografia lililo nje ya dirisha la darasa.

Mtoto wa darasa la kwanza atembeaye kilomita 4 hajui tofauti ya Wakala na Halmashauri. Anajua tu kama mwaka huu, mvua zikianza, kijia kitapitika au atabaki nyumbani hadi Juni. Hilo litaamuliwa na watu wachache wenye mapanga, asubuhi moja ya Jumamosi, ambao hakuna aliyewalazimisha.