Rangi kama Dai la Kihistoria: Uteuzi na Upakaji wa Rangi katika Mfano wa Meli Hermann von Wissmann ya Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Vipimo vya mfano wa meli huweza kuhakikiwa kwa rula. Rangi yake haihakikiwi kwa urahisi huo, ingawa ndiyo inayomfikia mtazamaji kwanza. Makala haya yanajadili uteuzi na upakaji wa rangi katika mfano mdogo wa Hermann von Wissmann, meli ya Kijerumani iliyoshambuliwa mwaka 1914 ikiwa juu ya chelezo huko Liuli, katika mwambao uliokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga na ambao sasa umo katika Wilaya ya Nyasa, Mkoa wa Ruvuma. Hoja kuu ni kwamba kila rangi inayopakwa ni dai la kihistoria, na kwamba mfano usiotenganisha rangi iliyothibitishwa na iliyokisiwa hupotosha kumbukumbu ya mwambao huo.

2.0 Tarehe Kabla ya Rangi

Kabla ya kuuliza meli ilikuwa na rangi gani, hapana budi kuuliza inaoneshwa katika siku gani. Hermann von Wissmann iligharimiwa kwa fedha zilizokusanywa Ujerumani kwa jina la kupiga vita biashara ya utumwa, ikasafirishwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire, na kuanza kazi ziwani mapema katika miaka ya 1890. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen, iliyoongozwa na Kamanda Rhoades, iliikuta imepandishwa kwenye chelezo cha Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhaven, ikaifyatulia mizinga. Nahodha wake, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Mwaka 1915 Waingereza walirudi na kuiharibu zaidi. Baada ya vita ilitengenezwa na kupewa jina la King George V. Bodi moja, basi, ilibeba majina mawili na kutumikia tawala mbili.

Jeshi la majini la Uingereza lilianza kutumia rangi ya kijivu kwa manowari zake mwanzoni mwa karne ya 20, na tangu hapo kijivu kimekuwa alama ya vita machoni pa watu wengi. Kuipaka Hermann von Wissmann kijivu ni kudai kwamba ilikuwa imejiandaa kupigana, ilhali nahodha wake hakujua kuwa ana adui. Kwa upande mwingine, manowari za Ujerumani zilizotumwa nchi za joto zilijulikana kwa ubavu mweupe na dohani za manjano. Hata hivyo, Hermann von Wissmann ilikuwa meli ya serikali ya koloni. Haikuwa ya jeshi la majini. Kwa hiyo mtindo wa manowari hauwezi kuhamishiwa kwake bila ushahidi wake wenyewe.

3.0 Ushahidi wa Picha na wa Maneno

Picha za zama hizo zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Mabamba ya kioo yaliyotumiwa na wapiga picha wengi yalipokea vizuri mwanga wa bluu na karibu hayakupokea kabisa mwanga mwekundu. Matokeo yake ni kwamba nyekundu hutokea kama nyeusi, bluu hufifia hadi kukaribia nyeupe, na manjano huonekana nzito kuliko ilivyokuwa. Dohani inayoonekana nyeusi pichani huenda ilikuwa nyekundu. Picha inaweza kuthibitisha mahali rangi moja ilipokoma na nyingine kuanza; haiwezi peke yake kuthibitisha ni rangi gani.

Ushahidi wa mdomo nao una mipaka yake. Mashahidi wa mwaka 1914 hawapo tena, lakini wazee wa Liuli na Mbamba Bay bado wanaweza kusimulia kuhusu meli za baadaye kama MV Songea na MV Iringa. Hapa lugha yenyewe ina la kusema. Kiswahili kina majina ya asili ya nyeupe, nyeusi na nyekundu. Mengi ya mengineyo yametokana na vitu: kijivu kutoka jivu, kijani kutoka jani, kahawia kutoka kahawa. Neno “nyekundu” katika usemi wa mzee huweza kubeba rangi ya damu, ya udongo wa kichuguu, hata ya kutu. Mtafiti anayeonesha vibao vilivyopakwa rangi na kumwomba msimulizi achague hupata ushahidi ulio bayana zaidi kuliko anayeuliza jina la rangi.

Ushahidi wa tatu ni chuma chenyewe, pale kinapokuwapo. Chauncy Maples, meli ya misheni iliyoundwa Glasgow na kushushwa ziwani mwaka 1901, ilidumu kwa zaidi ya karne moja. Rangi za bodi kama hiyo hulaliana tabaka juu ya tabaka, na kipande kidogo kilichobanduliwa kwa uangalifu huonesha mfuatano wake.

4.0 Upakaji

Katika mfano wa kipimo cha 1:100, tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0.1 ni sawa na milimita 10 kwenye meli halisi, unene unaotosha kufukia vichwa vya ribiti na kingo za mabati. Kwa hiyo rangi ichujwe, izimuliwe, na ipakwe mikono kadhaa myepesi, kila mmoja ukauke na kupitishiwa msasa laini kabla ya unaofuata. Anayeutazama mfano huo kwa umbali wa mita 1 ni kama anayeitazama meli kutoka mita 100, ambako hewa hufifisha rangi. Kuongeza nyeupe kidogo na kuepuka mng’ao mkali huurudisha umbali huo.

Mfano wa siku ya shambulio una sharti la ziada: meli ilikuwa nje ya maji, hivyo sehemu iliyo chini ya mstari wa maji nayo ilionekana. Kumalizia mfano kwenye mstari wa maji ni kuifuta hali iliyoifanya meli ishindwe kujitetea.

5.0 Hitimisho

Makala haya yanapendekeza kwamba sehemu ambazo rangi yake imethibitishwa zipakwe kikamilifu, zilizokisiwa ziachwe katika rangi ya msingi isiyoegemea upande wowote, na kadi ya mfano itaje tarehe inayooneshwa pamoja na aina ya ushahidi wa kila rangi. Mfano wa namna hiyo hautapendeza macho kama uliokamilika. Lakini mtoto wa Liuli atakayesimama mbele yake ataweza kutambua ni wapi historia ya mwambao wake inajulikana, na ni wapi bado inasubiri kutafutwa.