SHAHIDI ASIYE NA SILAHA

Wasikilizaji, leo twaeleza habari za askari wa namna ya peke yake: askari aendaye penye vita bila bunduki. Huyo huitwa mwangalizi wa kijeshi.

Kazi yake katika Umoja wa Mataifa ilianza Palestina, mwaka 1948. Tarehe 14 Mei dola la Israeli lilitangazwa, na siku ya pili yake majeshi ya nchi jirani za Kiarabu yakaingia. Tarehe 29 Mei Baraza la Usalama lilitaka vita visimamishwe kwa majuma manne, chini ya usimamizi wa mpatanishi, Count Folke Bernadotte wa Sweden. Mapatano yalianza tarehe 11 Juni, na maofisa wa Ubelgiji, Ufaransa na Marekani wakaja kuyaangalia.

Kwa nini hawakupewa silaha? Kwa sababu mwenye bunduki hudhaniwa kuwa wa upande fulani, naye akishambuliwa atapiga. Hapo shahidi amekwisha kuwa mpiganaji.

Basi, hufanya nini? Risasi zikilia usiku, kila upande husema, "Wenzetu ndio walioanza." Mwangalizi huenda mahali penyewe, hutazama alama za risasi, huwauliza wa huku na wa kule, kisha huandika saa, mahali na mambo aliyoyaona. Alilolisikia tu haliandiki kana kwamba ameliona. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sharti awepo wa kuipima.

Kazi hii ina gharama. Tarehe 6 Julai 1948 aliuawa René de Labarrière, ofisa wa Kifaransa. Siku tatu baadaye mapatano yakaisha, vita vikawaka tena hata tarehe 18 Julai, yalipoanza mapatano ya pili. Tarehe 17 Septemba Bernadotte mwenyewe alipigwa risasi Yerusalemu na watu wa Lehi, kundi la siri la Kiyahudi. Kanali André Sérot, mwangalizi wa Kifaransa aliyeketi naye garini, akafa pamoja naye.

Je, walikufa bure? Mahali pa Bernadotte palishikwa na Ralph Bunche, Mmarekani mweusi, ambaye mwaka 1938 alipata kuzuru Kenya. Mwaka 1949 Israeli ilitia sahihi mapatano na Misri, Lebanoni, Yordani na Syria, mmoja mmoja. Mipaka ya kusimamisha vita ikaandikwa, na waangalizi wakawekwa kuitazama. Bunche alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1950.

Lakini vita vilirudi mwaka 1956, na 1967, na 1973. Mwangalizi hawezi kuwaletea watu amani wasiyoitaka wenyewe. Awezalo ni hili: siku wanapoitaka, huwapo mtu mmoja ambaye neno lake huaminiwa na pande zote mbili. Mtu huyo hapatikani kwa siku moja. Hujengwa kwa taarifa nyingi za kweli, zilizoandikwa moja baada ya moja.