Miaka 13 ilitoka wapi?

Leo naweka mambo ya programu kando kidogo tuzungumze historia. Ukifungua akaunti katika mtandao wa kijamii utaulizwa tarehe ya kuzaliwa, na mingi ya mitandao hiyo itakufungia mlango ukisema hujafika miaka 13. Wazazi wengi hudhani kuwa madaktari au walimu walikaa chini, wakapima, wakaona mtoto wa miaka 13 amekomaa vya kutosha. La hasha! Nambari hii ilitoka Washington mwaka wa 1998, na shabaha yake kubwa ilikuwa wafanyabiashara waliotaka habari za watoto.

Turudi nyuma basi. Wakati huo hakukuwa na Facebook wala YouTube. Kulikuwa na tovuti za watoto zenye michezo na mashindano, na nyingi zilimtaka mtoto aandike habari zake kwanza. Juni 1998, tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitoa ripoti baada ya kuchunguza tovuti 212 za watoto. Asilimia 89 kati yake zilikusanya habari binafsi kutoka kwa watoto wenyewe. Zile zilizompa mzazi nafasi yoyote ya kudhibiti jambo hilo hazikufika asilimia 10. Oktoba mwaka huo huo Rais Clinton akatia saini sheria iitwayo COPPA, nayo ikaanza kutumika tarehe 21 Aprili 2000.

Sheria yenyewe ilisema hivi: tovuti inayolenga watoto, au inayojua kwa hakika kwamba mtumiaji hajafika miaka 13, isikusanye habari zake bila idhini ya mzazi. Mswada wa kwanza uligusa hata vijana wa hadi miaka 16, lakini ulipunguzwa kabla haujapita. Kwa hivyo 13 ni matokeo ya maelewano ya wanasiasa.

Sasa jiweke mahali pa mtengenezaji wa tovuti mwaka ule wa 2000. Idhini ya mzazi utaipataje? Fomu ichapishwe, itiwe saini, irudishwe kwa posta au faksi. Ama mzazi atumie kadi ya benki, au apige simu azungumze na mtu uliyemwajiri. Yote ni gharama. Lakini angalia yale maneno "inayojua kwa hakika". Tovuti isiyolenga watoto haina kesi kama haijui. Njia rahisi ikawa ni kuandika kwamba walio chini ya 13 hawaruhusiwi, kuweka kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa, na kuamini chochote utakachoambiwa.

Mtoto naye si mjinga. Akikataliwa na 1995, anarudi na 1985. Septemba 2006 Facebook ilifungulia watu wote kuanzia miaka 13, na watoto wakamiminika. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011, ambao danah boyd alikuwa mmoja wa waandishi wake, uliwahoji wazazi 1,007 wa Marekani. Zaidi ya nusu ya wazazi wa watoto wa miaka 12 walisema mtoto wao ana akaunti ya Facebook. Kati ya hao, asilimia 76 walimsaidia kuifungua!

Hapa ndipo penye madhara. Mtoto wa miaka 10 aliyejiandika 13 anakuwa mtu mzima wa 18 kwenye hifadhidata angali na miaka 15. Kama mtandao una ulinzi maalumu kwa walio chini ya 18, kwake unaondoka, kwa sababu mashine inamwona mkubwa. Sheria iliyotungwa kulinda faragha yake imemfundisha kudanganya, na ule uongo umempunguzia usalama.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta sasa unajengwa. Uingereza ilipitisha sheria ya usalama mtandaoni mwaka wa 2023, na tangu Julai 2025 tovuti za ponografia zinatakiwa kuhakikisha umri kwa njia za kuaminika, kama vile kitambulisho au picha ya uso. Australia, tangu tarehe 10 Desemba 2025, imezuia akaunti za walio chini ya miaka 16 katika mitandao mikubwa. Shida ni kwamba huwezi kumtambua mtoto bila kumkagua kila mtu. Na kilichokusanywa huvuja. Oktoba 2025 Discord ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji kama 70,000 huenda zilifikiwa na wadukuzi kupitia kampuni iliyowahudumia. Zilikuwa zimetumwa katika rufaa za umri.

Nasi Kenya tumo. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na hapa kwetu mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kinatutaka pia tuweke njia za kuthibitisha umri. Mfikirie msichana wa kidato cha nne anayetafuta msaada kwa sababu anapigwa nyumbani. Idhini ataiomba kwa nani? Bahati nzuri sheria imezilegezea huduma zinazotoa ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto pekee. Lakini mwanya huo hauifikii mitandao ya kawaida, na huko ndiko wengi huanzia kuuliza.

Msimamo wangu ni huu. Uingereza ina kanuni nyingine, iliyoanza Septemba 2020 na makampuni yakapewa mwaka mmoja kuitimiza. Inataka mtoto akute mipangilio ya faragha iko juu tayari, na mahali alipo pasionyeshwe. Mimi ningeufanya huo uwe msingi wa kila mtu. Mgeni asiweze kukuandikia hadi umkubali. Ramani iwe imezimwa. Tukifanya hivyo, haja ya kujua umri wa mtu inapungua sana. Na pale ambapo lazima tujue, tuulize tu kama amefika umri unaotakiwa, kisha tusihifadhi ushahidi. Wenzangu mnaoandika programu, data ambayo hukuikusanya haiwezi kuibwa.